Nukta ya Katikati: Sehemu ya Saba

Tulimwacha Olfa kwenye ngazi za kiwanda cha nguo cha Bwana Murad Zwari, pale Monastir, mguu mmoja chini, mmoja juu, akimtazama Bi Naziha anavyotolewa nje na mlinzi kama mwizi wa vifungo.

Bi Naziha alipofika usawa wake alisimama. Aproni yake ya kijivu alikuwa ameikunja vizuri na kuibana kwapani.

"Umekula, mwanangu?"

"Bado, mama."

"Usikae na njaa. Joto hili litakuangusha kama lilivyomwangusha yule binti wa pasi."

Mlinzi akakohoa. "Bi Naziha, tafadhali."

"Nakuja, Shedli. Huwezi kunifukuza upesi kuliko miguu yangu."

Geti likafunguliwa, likafungwa. Toroli la nguo ambalo Bi Naziha alilisukuma miaka yote likabaki kando ya lifti ya mizigo, limejaa mashati.

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kufungua ukurasa huu, shika haya machache twende. Kiwanda kina kumbi mbili. Chini ni cherehani, na washonaji ni wanawake wa hapo hapo pwani. Juu ni pasi, na wapiga pasi ni wanawake waliokuja kutafuta kazi kutoka bara, upande wa Kasserine. Kumbi hizo hazipikiki chungu kimoja. Madirisha yamepigiliwa misumari vumbi lisiingie, na kiangazi hiki binti mmoja wa pasi alizirai akaangukia meza, taya ikavunjika.

Wakigoma chini peke yao, bosi hucheka. Wakigoma juu peke yao, hucheka vilevile. Ila wakigoma siku moja, meli inaondoka bila mzigo. Hicho ndicho alichokiogopa Bwana Murad.

Akamwajiri Olfa, msomi wa hesabu aliyetoka chuo cha Tunis, achore ramani ya mazungumzo. Kila mwanamke nukta. Kila mazungumzo mstari. Olfa aliwauliza mmoja mmoja, kwa upole: ukiwa na shida unamwambia nani? Habari ya leo umeipata kwa nani? Wakamjibu bila hofu. Walimjua. Alikuwa binti wa marehemu Mabruka, mshonaji mwenzao, na wakati Mabruka alipolazwa kwa homa ya uzazi, aliyemnyonyesha Olfa alikuwa Bi Naziha.

Sasa mwone anavyopanda ngazi kwenda kwa bosi.

"Kaa, Olfa. Kahawa?"

"Umemfukuza Bi Naziha."

"Sikumfukuza Naziha. Nimeondoa nukta uliyonionyesha." Bwana Murad alikuwa mtu wa sauti ya chini, mwenye kucha safi. "Mimi mjinga nilikuwa tayari kumwondoa Hadda. Si ndiye kiongozi wao pale chini, si ndiye kila mtu anaongea naye? Ukanizuia. Rudia ulivyoniambia, napenda unavyoeleza."

Olfa akageukia dirisha.

"Basi nitarudia mimi. Ulisema, 'Bwana Murad, mwenye mistari mingi siye wa kutazama. Hadda ana mistari mingi, lakini yote inaishia ukumbi wa chini. Ukimtoa, maneno yatamzunguka yapite. Chukua wanawake wawili wawili, tafuta njia fupi ya maneno kutoka kwa huyu hadi kwa yule, kisha hesabu ni nukta gani inakanyagwa mara nyingi kuliko zote. Hiyo ndiyo kiungo.' Nikakuuliza, na tukimtoa huyo? Ukanijibu nini?"

"Kwamba kumbi mbili hazitasikiana."

"Tena ulikuwa unatabasamu."

Ni kweli, alikuwa anatabasamu. Hesabu ilikuwa imetoka safi, na jina la Naziha alilitamka kama mtu anayetangaza mshindi. Sasa tabasamu lile lilimrudia usoni kama kofi.

"Maji ukiyaziba hutafuta ufa mwingine," akasema Bwana Murad. "Piga hesabu upya, Naziha asiwemo. Nataka kujua anayefuata ni nani. Uniletee kesho asubuhi. Nina viwanda vingine viwili, kazi yako haitaisha."

Olfa akatoka bila kusema ndiyo wala hapana. Kwa Bwana Murad hiyo ilikuwa ndiyo.

Chini hali ilikuwa imechafuka.

Wapiga pasi walikuwa wameshuka, jambo ambalo halikuwa la kawaida, na walikuwa wamemzunguka Hadda kwenye cherehani yake. Aliyesimama mbele ni Wasila, mrefu, mikono imejaa makovu ya mvuke.

"Jana uliingia ofisini," alisema Wasila. "Leo Bi Naziha yuko nje. Ulikwenda kusalimia?"

"Nilikwenda kuomba ruhusa nimpeleke mwanangu kwa daktari wa macho. Nyie watu wa bara mnapiga pasi kama mnaua nge, na kufikiri mnafikiri hivyo hivyo."

"Na nyie wa pwani hata kivuli chenu kinasengenya."

Siku nyingine hapo ndipo toroli lingepita katikati yao, na Bi Naziha angesema neno moja la kipuuzi kuhusu mashati au waume, na kumbi zote mbili zingecheka zikiwa zimekasirika. Leo hakuna aliyecheka. Washonaji wenyewe, wenzake Hadda, walikuwa wakitazama nyuzi zao.

"Ruhusa gani ya siri?" akasema mmoja wao taratibu. "Mbona hukutuambia?"

Hadda akamgeukia kama mtu aliyeumwa na paka wake mwenyewe. Kisha akamwona Olfa mlangoni, uso ukafunguka.

"Huyu hapa. Alikuwa ndani jana, amekaa na kompyuta yake. Olfa, dada yangu, waambie nilichosema mle ofisini."

Ukumbi mzima ukamgeukia Olfa.

Alikuwa amesikia kila neno. Mtoto, macho, daktari, ruhusa ya nusu siku. Ilitosha kusema hivyo tu. Lakini baada ya jibu hilo lingekuja swali: na wewe, Olfa, ulikuwa unafanya nini mle ndani?

"Nilikuwa nimetingwa na kazi," akasema. "Sikusikia vizuri."

Hadda akamtazama. Hakutukana. Alivua mkasi uliokuwa unaning'inia shingoni kwa utepe, akauweka juu ya cherehani, akachukua mkoba.

"Haya," alisema.

Wakampisha njia. Walimpisha mbali, nguo yake isiwaguse.



Alasiri ilimkuta Olfa juu ya paa la Bi Naziha. Mama yule alikuwa amekaa kwenye mkeka, chano cha pilipili nyekundu mbele yake, akizitunga kwenye uzi moja moja zipate kuanikwa. Huwezi kumfukuza kazi mwanamke kama yule akakaa bure.

"Kuna mkate wa tanuri hapo na mafuta ya zeituni. Ule kwanza."

"Mama, nina neno."

"Neno halipoi, mkate unapoa. Kula." Akachoma pilipili nyingine kwa sindano. "Nimeshasikia habari za Hadda. Nimemlelea yule mtoto wake akiwa mchanga. Asikanyage hapa kwangu."

"Si Hadda."

"Una moyo laini, wewe. Toka utotoni."

"Si Hadda, mama. Ni mimi."

Sindano ikasimama.

Olfa akaeleza. Alieleza haraka, kichwa chini, jinsi alivyochora nukta na mistari, jinsi alivyohesabu njia, jinsi njia nyingi kuliko zote zilivyopita mahali pamoja. Alipofika kwenye jina alisita, kisha akalisema.

"Mimi nilikuwa nasukuma toroli," akasema Bi Naziha.

"Ndiyo, mama."

"Na nikisukuma toroli naongea. Wasila kafiwa na baba, nawaambia wa chini. Hadda kajifungua, nawaambia wa juu. Ndicho ulichokipima?"

"Ndicho."

"Ulijua ni mimi? Au uliona hizo nukta tu?"

Hapo Olfa angeweza kujificha. Mlango ulikuwa wazi.

"Nilijua."

"Hukufikiri atafanya nini na jina langu?"

"Sikufikiri. Nilifikiri hesabu imetoka vizuri."

Bi Naziha akatazama upande wa bahari, ambako hakukuwa na lolote la kutazama. Machozi yakamtoka, na mikono yake ilikuwa imejaa pilipili, hakuweza kuyafuta. Aliinua bega akajaribu kujifuta kwa kitambaa cha kichwa, asifike. Olfa akanyoosha mkono.

"Usiniguse."

Mkono ukarudi.

"Na wewe mwenyewe uko wapi kwenye ramani yako?"

"Mimi simo. Anayepima hajiweki."

"Humo?" Akacheka kicheko kikavu. "Nilipolala na homa mwezi wa Ramadhani, nani aliyeshusha salamu za Wasila? Nani aliyepandisha zile biskuti za Hadda kwa wapiga pasi?"

"Ni mimi, mama."

"Wewe ulitembea mle ndani kila siku, juu na chini, unatuuliza unatujibu, halafu unasema humo. Haya, tuseme humo." Akarudisha macho kwenye pilipili. "Nenda kwa Hadda. Umwambie ulivyoniambia mimi, vilevile, bila kupunguza. Ukishamwambia yeye, ndipo urudi hapa uniite mama."

Olfa alikwenda mbio. Nyumba ya Hadda iko mtaa wa tatu nyuma ya soko la samaki, mlango wa kijani. Alibisha mpaka vidole vikauma.

Jirani akachungulia dirishani, kijiko cha mchuzi mkononi.

"Hayupo. Gari la kiwanda limekuja kumchukua."

"Gari la kiwanda?"

"Bosi mwenyewe kapiga simu. Nilimsikia Hadda akisema, 'Wao wamenitupa, basi niambie wewe unataka nini.' Akaoga, akavaa, akaondoka. Wewe ni nani, nimwambie nani alimtafuta?"

Olfa akageuka kuondoka. Alikuwa ameshaelewa. Asubuhi Hadda hakuwa msaliti. Waliomfanya awe hivyo walikuwa watu wa kumbi mbili, na aliyewapa ruhusa ni yeye Olfa, kwa maneno mawili matatu: sikusikia vizuri.

Akarudi chumbani kwake, akafungua kompyuta. Alijiambia hapigi hesabu kwa ajili ya Bwana Murad. Alikuwa na swali la Bi Naziha kichwani na halikutaka kutoka.

Akaondoa nukta ya Naziha. Ramani ikapasuka vipande viwili, kama alivyomwahidi bosi, chini huku, juu kule. Kisha, kwa mara ya kwanza, akaongeza nukta moja zaidi akaiandikia jina lake. Akaiunganisha kwa uaminifu na kila aliyemwambia siri, aliyempa salamu, aliyemtuma neno. Mistari ikajaa skrini. Vipande viwili vikashikana tena.

Akahesabu njia. Zote zilizotoka ukumbi mmoja kwenda mwingine zilipita mahali pamoja, na mahali hapo palikuwa yeye.

Alikaa akiitazama nukta ile muda mrefu. Hakujisikia mkubwa. Alijisikia kama mtu aliyetafuta nyoka nyumba nzima akamkuta amejikunja kwenye kiti alichokalia.

Asubuhi alipofika ofisini, Hadda alikuwa ameshafika. Alisimama kando ya meza ya Bwana Murad, amevaa koti la bluu la msimamizi, jipya, mikunjo ya kiwandani bado inaonekana. Funguo za kumbi zilining'inia kiunoni. Hakumwangalia Olfa.

Ofisi ile imejengwa juu ya ukumbi wa cherehani, chini ya ule wa pasi, ina dirisha kubwa la vioo viwili na kiyoyozi kinachovuma. Unaona kila kitu, husikii chochote.

"Jina," akasema Bwana Murad.

"Olfa."

"Jina la anayefuata, nimesema."

"Ndilo hilo. Ukimtoa Naziha, aliyebaki katikati ni mimi. Nifukuze."

Bwana Murad alimtazama, kisha akacheka kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, kicheko cha furaha kabisa.

"Nikufukuze? Mtoto wewe. Kiungo cha adui unakikata. Kiungo chako mwenyewe unakitumia." Akavuta karibu kipaza sauti kilichokuwa mezani, kile anachotangazia zamu. "Wanakuamini juu na chini, hesabu yako mwenyewe imesema. Basi utawaambia kwamba Naziha ameondoka kwa hiari yake na kwamba ameridhika, na kwamba Hadda sasa ni msimamizi kwa sababu alistahili. Neno likitoka kwako litafika kila kona."

"Na nisiposema?"

"Nitasema mimi. Nitawaeleza nani alichora ramani, nani alinitajia Naziha. Halafu utashuka ngazi zile peke yako."

Hadda akainua kichwa. Ndiyo kwanza anasikia.

"Nani alimtaja?" akauliza polepole.

"Hayakuhusu," akasema Bwana Murad. Akabonyeza kitufe. Taa ndogo nyekundu ikawaka kwenye kipaza sauti. Akamsukumia Olfa.

Chini ya dirisha wanawake waliinua nyuso kuelekea spika. Wasichana aliowauliza maswali. Mama zao. Wasila na wenzake walikuwa juu, kwenye spika yao, hawaonekani, lakini mashine zao za mvuke zilitetemesha dari.

Olfa akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mimi ni Olfa, binti wa Mabruka," alisema. "Bi Naziha hakuondoka kwa hiari. Amefukuzwa kwa sababu ndiye aliyewaunganisha ninyi. Aliyemtaja kwa bosi ni mimi. Yale maswali niliyowauliza, majibu yenu ndiyo niliyoyatumia. Hadda juzi aliomba ruhusa ya kumpeleka mtoto kwa daktari wa macho, basi. Nilikuwepo, nilisikia kila neno, nikawaambia sikusikia. Nilidanganya kwa sababu niliogopa."

Bwana Murad alikuwa ameshampokonya kipaza sauti. Alikitupa mezani kikaviringika kati ya vikombe.

Chini, mikono ikaacha kitambaa. Mmoja, wa pili, safu nzima. Kisha mtetemo wa dari nao ukakoma. Katika kiangazi chote kile, kumbi zile zilikuwa hazijawahi kunyamaza pamoja.

Olfa alisubiri kuhisi wepesi fulani. Haukuja. Alimwona mwanamke mmoja chini akimtazama kupitia kioo, mkono mdomoni, na akajua kwamba huyo hatamwambia siri tena maisha yake yote.

Nyuma yake ufunguo ulizunguka kwenye kitasa. Hadda alikuwa amefunga mlango kwa ndani. Akautumbukiza ufunguo kifuani.

"Fungua," akasema Bwana Murad.

"Tuna maneno, bosi."

"Maneno gani? Mnadhani mmeshinda?" Sauti yake ya chini ilikuwa imepotea, sasa alikuwa anafoka. "Madirisha yale hayatafunguliwa hata wafe mmoja mmoja. Mzigo ukishapanda meli nawafukuza wote, juu na chini, naleta wengine. Wewe na koti lako pia. Ulidhani nilikupa kwa kuwa nakuheshimu? Nilikupa kwa sababu walikutupa, na mtu aliyetupwa ni rahisi."

Macho ya Hadda yalikuwa yameshuka mezani, yakasimama hapo. Olfa akayafuata.

Katikati ya vikombe, taa ndogo nyekundu ilikuwa bado inawaka.

Wanawake wale wawili wakatazamana. Msamaha haukuwemo machoni mwa Hadda, wala Olfa hakuutafuta. Lakini hakuna aliyenyoosha mkono kuizima.

"Endelea, bosi," akasema Hadda kwa upole. "Na yule binti wa pasi aliyevunjika taya. Daktari wa kiwanda alikwambia nini juu ya yale madirisha, wiki moja kabla hajaanguka?"

Bwana Murad akavuta pumzi, akafungua kinywa.